Mrejesho: njia ya gari ya zege la kokoto wazi

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama njia yangu ya gari huku Kimara, yenye mteremko mkali, niiwekee zege la kugongwa chapa ya mawe au la kokoto wazi, yaani lenye kokoto zinazoonekana juu. Wengi mlisema kokoto wazi, nikafuata. Asanteni sana.

Fundi alimwaga zege la sentimita 10 juu ya kifusi kilichoshindiliwa, akalisawazisha, akapuliza maji ya sukari. Sukari huchelewesha saruji ya juu kushika huku ya chini ikikaza. Asubuhi yake akasugua kwa brashi ngumu na maji ya mpira. Rojo la saruji la juu likaondoka, kokoto zikachomoza, nyeusi, kijivu, nyingine kahawia. Zinapendeza mno!

Ninachowasisitiza ni mikato. Zege la unene huo likatwe kila mita 3 au pungufu, kwa kina cha robo ya unene, la sivyo litapasuka linapotaka lenyewe. Limwagiliwe maji siku 7.

Mvua imeshanyesha, gari linapanda bila kuteleza. Barazani nimepiga niru nyekundu (saruji laini ya rangi), maana watoto wanacheza peku na kokoto zinachoma.