Windows 10 imeachwa: nibaki nayo, nipande Windows 11 au nihamie Linux Mint? (Mashine za steshenari)

SteshenariMwanza
Wakuu, habari za kazi. Nina steshenari karibu na chuo hapa Mwanza. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani, na msimu wa mikopo vijana wanajaa kufanya maombi ya Bodi ya Mikopo na Ajira Portal. Mashine ziko nne: laptop HP EliteBook 840 G5 (Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8), Dell OptiPlex 3040 mbili za kizazi cha 6, na mashine kuukuu ya Core 2 Duo yenye Windows ya biti 32. Hiyo kuukuu kazi yake ni moja tu, kuendesha printa yetu ya zamani ya leza.

Zote ziko Windows 10, na Microsoft waliacha kuitolea apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi mmoja kaniambia niuze zote ninunue nyingine. Mwingine kasema mashine inayofanya kazi haiguswi. Mimi ninachohofia ni wateja. Mtoto wa watu anakaa pale, anaweka nywila ya barua pepe yake, namba ya NIDA, vyeti vyake vyote. Sitaki aibiwe kupitia mashine yangu. Naomba mnilinganishie: kubaki, kupanda Windows 11, au kuhamia Linux Mint, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. Na mkumbuke intaneti yetu ni ya bando.

Komeo
Dada, baki Windows 10. Haijazimwa, haijafungwa, kila kitu kinafanya kazi kama jana. Hata Windows 7 iliachwa Januari 2020, lakini Chrome iliendelea kuihudumia mpaka mwanzoni mwa 2023. Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, nayo bado inapokea taarifa za virusi vipya kwenye Windows 10, na Microsoft wamesema itaendelea hadi Oktoba 2028. Hela ya mashine mpya nunulia karatasi na tona.

Bisibisi
Komeo, kuhusu Chrome na Defender uko sahihi, na ni vizuri dada ajue kwamba mifumo ya maombi haitamfungia mlango kesho. Ila Defender inatambua virusi, haizibi tundu lililomo ndani ya Windows yenyewe. Kumbuka WannaCry, programu ya kuteka faili na kudai hela, Mei 2017. Haikusubiri mtu abonyeze kiungo chochote, ilipita kwenye mtandao kutoka mashine hadi mashine, ikazikwamisha hadi hospitali za Uingereza. Kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu hilo, kilikuwa kimetoka tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, au waliokuwa na Windows za zamani zilizokwisha kuachwa.

Dada, nitakujibu mashine kwa mashine, kwa sababu hazifanani.

EliteBook ipandishe wiki hii. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), RAM GB 4, diski GB 64 na prosesa iliyo kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel maana yake karibu yote ni kizazi cha 8 kwenda juu. G5 inafaulu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uangalie kama inasoma 2.0. Ikisema haipo, ingia kwanza BIOS, mipangilio ya kabla Windows haijawaka, mara nyingi imezimwa tu. Kama Windows 10 yako ina leseni halali, hulipi kitu.

OptiPlex ndizo zenye mjadala, maana kizazi cha 6 hakimo kwenye orodha. Unaweza kulazimisha kwa Rufus, programu ya bure inayotengeneza flashi ambayo haikagui TPM wala prosesa. Nimewapigia watu Windows 11 kwa njia hiyo, zinawaka vizuri na apdeti za kila mwezi zinaingia. Lakini Microsoft wamesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata apdeti, na toleo kubwa la kila mwaka haliji lenyewe, unarudia kazi kwa flashi. Nyumbani sawa. Kwenye duka lenye foleni ya wanafunzi siipendi.

Njia nyingine ni ESU, yaani apdeti za usalama za ziada. Ya watu binafsi inafika 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, au hulipi ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, na usajili mmoja unabeba hadi mashine 10. Lazima uwe na toleo la 22H2, andika winver uone. Sasa soma masharti: hiyo ni ya matumizi binafsi. Ya biashara ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, halafu bei inakuwa maradufu kila mwaka, na mwisho ni miaka mitatu. Kwa OptiPlex za kizazi cha 6, ukijumlisha utaona bora hela hiyo iende kwenye SSD, diski ya kasi.

Core 2 Duo haina pa kwenda. Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32, na kuanzia toleo la 24H2 inadai maelekezo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haina, haitawaka hata ukilazimisha. Iache kama ilivyo, ichomoe mtandao moja kwa moja.

SaibaKisauni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi mashine zangu za wateja nilizihamishia Linux Mint na sijutii. Mteja wa saiba anataka kivinjari, kuandika barua, kuchapa. Yote yako. Mint 22 ina msaada hadi 2029, na inakimbia vizuri kwenye hizo OptiPlex ukiweka SSD na RAM GB 8.

Mawili tu uyajue, dadangu. Kwanza printa: ijaribu kabla hujafuta chochote. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kuingizwa kwenye diski, kwa hivyo chomeka printa, chapa ukurasa mmoja, skani mmoja. Baadhi ya HP za leza ndogo hudai programu-jalizi ya ziada, na inabidi uishushe kwa intaneti. Pili, fomu za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Zile za marejesho ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, sikuthubutu kuzifanyia LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, kwa hivyo mashine moja nimeiacha Windows kwa kazi hiyo.

MwalimuTehama
Kuna jambo hamjaligusa. Office 2016 na Office 2019 ziliachwa siku ileile, 14 Oktoba 2025. Kupanda Windows 11 halafu unafungua kila waraka wa mteja kwa Office 2016 ni kuziba tundu moja na kuacha la pili. Na kama kadi za harusi na vipeperushi unatengeneza kwa Publisher, anza kuhama mapema: Microsoft wametangaza kuiacha Oktoba 2026. Hifadhi kazi zako zote kwa PDF pia, mbali na faili za asili. LibreOffice Draw inafungua faili za Publisher, lakini mpangilio huyumba, hasa fonti.

Na tafadhali, Office ya kukraki isiingie kwenye mashine inayopokea nywila za watu. Hivyo vifungulio vya bure ndivyo vinavyoleta virusi.

SteshenariMwanza
Asante sana mwalimu, Publisher ndiyo tunayotumia. Bisibisi, ile kuukuu nikiichomoa mtandao, kazi za wateja zitafikaje kwenye printa?

Bisibisi
Kwa flashi moja ya duka, isiyotoka nje. Flashi ya mteja inachomekwa EliteBook, inaskaniwa, faili inageuzwa PDF, ndipo inahamishiwa kwenye flashi ya duka. Zima autorun (flashi kujifungua yenyewe) kwenye ile kuukuu. Hatua inaongezeka, najua, lakini flashi za wanafunzi ndiyo njia kuu ya virusi hapo dukani.

Kuhusu bando: faili ya Windows 11 inazidi GB 5, ya Mint ni karibu GB 3. Shusha mara moja, weka kwenye flashi. Kwenye EliteBook weka alama kwamba mtandao wako unapimwa, isije ikavuta apdeti katikati ya mchana. Ruhusu usiku.

Muscat_Pwani
Ukifikia kununua, tazama namba ya prosesa kabla ya kutazama sura. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-7300U cha 7, i5-8350U cha 8. EliteBook 840 G3 na G4 zilizotumika zinapitia Dubai kwa wingi, zinang'aa na bei inavutia, lakini haziko kwenye orodha ya Windows 11. Usilipie bei ya G5.

Komeo
Nimesoma hiyo ya WannaCry. Kwa mashine za wateja nakubali, zisibaki Windows 10 tupu. Kwa ile ya printa msimamo wangu haujabadilika.

SteshenariMwanza
Nimeamua. EliteBook inapanda Windows 11 Jumapili duka likiwa limefungwa, na ndiyo itakayobaki na kazi za Excel. OptiPlex moja naijaribu Mint na printa na skana, ikikubali ya pili inafuata. Kuukuu naichomoa mtandao leo jioni.

SaibaKisauni
Sawa kabisa. Kabla ya Jumapili, nakili folda za kazi za wateja kwenye diski ya nje, ufungue faili kadhaa kutoka kwenye hiyo diski uhakikishe zinasomeka. Na kwenye Mint watengenezee wateja akaunti ya mgeni, inajifuta yenyewe mteja akitoka.