Naomba ushauri: mwanangu wa miaka 11 anakwenda kambi ya kulala chuo kikuu, hajawahi kulala nje ya nyumba

Mama Kifungua Mimba

Habari zenu wapendwa. Mwanangu amepata nafasi kwenye kambi ya sayansi ya likizo inayofanyika chuo kikuu, siku 12, kulala hukohuko. Watakaa kwenye mabweni ya wanachuo, watoto wawili kila chumba, bafu la pamoja mwisho wa korido. Zimebaki wiki 5.

Aliyetaka kwenda ni yeye. Fomu alijaza mwenyewe, mimi nikatia sahihi tu. Ila tangu majibu yatoke amekuwa kimya. Juzi usiku alikuja akasimama mlangoni kwangu, mkono hauachi kitasa, akaniuliza, "Mama, nikishindwa je?" Nikamjibu harakaharaka, "Ukishindwa nipigie, nakuja kukuchukua siku hiyohiyo." Akarudi kulala. Mimi ndiye usingizi umenipotea tangu siku hiyo, nahisi sikumjibu vizuri lakini sijui nimekosea wapi.

Jambo la pili naliandika kwa kumstahi mtoto: bado hukojoa kitandani mara mojamoja, labda mara mbili kwa mwezi. Kambini hakuna anayejua. Niwaambie au ninyamaze? Na begi nipange vipi? Orodha waliyotuma ina vitu zaidi ya 40.

Mlezi wa Bweni

Hongera kwa kijana, dada, na pole kwa hizo usiku. Nimekuwa mlezi wa bweni kwenye kambi za aina hii misimu minne, nikilala korido moja na watoto.

Hiyo ahadi ya kumchukua ndiyo inayokunyima usingizi, na una haki. Mtoto aliyeahidiwa kuchukuliwa hakai akatafuta namna ya kuuvuka usiku wa kwanza, anatafuta simu. Tena ndani ya ahadi hiyo amesikia kitu ambacho hukukusudia: hata mama haamini kama nitaweza. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kilitoa ripoti mwaka 2007 kuhusu watoto wanaokumbuka nyumbani, na onyo mojawapo ni hilohilo, mzazi asiweke mapatano ya kumchukua mtoto. Wanasema pia mtoto ashirikishwe kwenye uamuzi, hilo umeshalifanya, na azoeshwe kulala mbali na nyumbani kabla ya siku yenyewe. Una wiki 5, zinatosha. Mpeleke kwa ndugu siku mbili au tatu, bila kupigiana simu kila saa.

Kaa naye umwambie kweli: utatukumbuka, karibu kila mtoto anakumbuka, wala si ugonjwa. Kisha mpange pamoja atafanya nini ikimjia. Niliowaona mimi, huzuni haiwapati wakiwa darasani au uwanjani. Inakuja ile nusu saa kati ya kuoga na taa kuzimwa, hasa usiku wa pili na wa tatu. Awe na cha kushika muda huo: kitabu alichokwisha kukianza nyumbani, daftari la kuandika, kadi za kucheza na mwenzake wa chumbani.

Kingine hakimo kwenye orodha yao. Milango ya mabweni mengi hujifunga yenyewe. Mtoto anakwenda kuoga, kadi ya mlango anaiacha mezani, akirudi mlango haufunguki. Nilimkuta mmoja amejibanza ukutani na taulo tu, maji yanamdondoka, anaona haya kushuka ngazi kuomba msaada. Alikuwa amesimama hapo zaidi ya robo saa. Kadi iwe na kamba, ikae shingoni mpaka bafuni. Aanze kuizoea nyumbani na ufunguo wowote.

Nesi wa Zamu

Mama, la kukojoa kitandani naomba nilishike mimi.

Sema, lakini kwanza zungumza na mwanao mkubaliane utamwambia nani. Anayetosha ni nesi wa kambi na mlezi mmoja wa korido yake. Si kundi zima, wala usiliandike kwenye fomu inayopita mikononi mwa kila mtu. Na mwambie kijana hayuko peke yake: kati ya watoto 100 wa miaka 10, takriban 5 bado yanawatokea. Kwenye kambi yenye watoto wengi, karibu kila mara yupo mwingine anayeficha jambo hilohilo.

Mpango uwe hivi. Chini ya shuka litangulie tandiko lisilopitisha maji. Alalie begi la kulalia la rangi ya kukolea, na ndani yake zifichwe zile chupi za kunyonya mkojo, avae akiwa tayari ameingia. Pajama ziwe jozi tatu za rangi moja, akibadilisha usiku asubuhi hakuna atakayejua. Mfuko mweusi wa kufungia nguo mbichi, na maneno mafupi waliyopatana na mlezi, kwa mfano "naomba kwenda kufua", basi mlezi ameelewa.

Maji asinyimwe mchana. Watoto wengine hujinyima tangu asubuhi kwa hofu, kisha wanazunguka juani siku nzima, kichwa kinauma, wengine wanaanguka. Anywe vizuri mchana, apunguze jioni, aende chooni mara ya mwisho kabla ya taa kuzimwa. Ipo pia dawa ya desmopresini ambayo madaktari huwaandikia baadhi ya watoto kwa safari kama hii. Ukiitaka, mwone daktari sasa, maana lazima ijaribiwe nyumbani kwanza, na mtoto akishaimeza usiku ule hatakiwi kunywa maji mengi, ni hatari.

Kama ana dawa nyingine, zibaki kwenye vifungashio vyake vyenye jina lake na maelekezo ya daktari, usizichanganye kwenye kichupa kimoja. Mwenye pumu pampu yake iwe inafikika saa zote, isifungiwe kabatini ofisini. Na ratiba ya usiku iulizie. Mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2016 unampa mtoto wa miaka 6 hadi 12 saa 9 mpaka 12 kwa siku. Mtoto aliyechoka kila kitu kinamlemea, hata kukumbuka nyumbani kunazidi.

Baba Watatu

Nimemsoma Mlezi, nakubaliana naye nusu. Ahadi ya kuchukuliwa kwa sababu ya kulia, sawa, iondoe. Lakini mtoto asitoke nyumbani akidhani hakuna mlango wa kurudi hata kama mtu anamfanyia ubaya. Mtenganishie mambo mawili, kwa maneno ya wazi: ukiwa na huzuni unaongea na mlezi na unasubiri ipite. Mtu akikugusa usipotaka, akikutisha, au akikwambia ufiche siri, unaniambia siku hiyohiyo na mimi nitakuja. Hiyo ya pili haina masharti.

Halafu wapigie simu waandaaji. Chuo hakina watu wa kambi peke yao, kuna wanachuo, wageni, mafundi, watu wazima wanaopita. Uliza kama jengo lote ni la watoto au wanachanganyika na wengine, na walezi wanalala korido ileile au ghorofa nyingine. Walezi wamechunguzwaje kabla ya kupewa kazi? Je, kuna kanuni kwamba mtu mzima hakai na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa? American Camp Association, chama cha kambi cha Marekani, kwa kambi za kulala, kinataka angalau mlezi mmoja kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 14. Kipimo hicho kinakusaidia popote ulipo. Mimi niliwahi kumwondoa binti yangu kwenye orodha ya kambi moja kwa sababu kila niliyemuuliza nani analala na watoto alinipeleka kwa mwingine. Alilia sana, na sikujuta.

Mama Kifungua Mimba

Nimewasoma wote, asanteni mno. Baba Watatu, maneno yako nimeyaandika kwenye karatasi. Swali: kambi inakusanya simu, wanapewa nusu saa Jumatano na Jumapili tu. Nimwandikie barua?

Niliyepitia

Shikamoo mama. Nilikwenda kambi ya chuo nikiwa na miaka 12, sasa niko chuo mwenyewe. Andika, lakini usimwandikie kwamba nyumba imepooza na mdogo wake analia akiona kitanda chake. Mama yangu aliniandikia hivyo kwa mapenzi, nikaisoma chooni nikilia, nikaona nimewatendea ubaya kwa kuondoka. Muulize habari zake, mwenzake wa chumbani yukoje, jaribio la maabara lilikwendaje.

Begi apange yeye. Mimi nilipangiwa vizuri kabisa, ila kila asubuhi nilikuwa namwaga vyote sakafuni natafuta soksi. Wewe shika orodha usome, yeye atie. Ndala za bafuni na kindoo chepesi cha kubebea sabuni na mswaki visikose. Shuka pia, uliza urefu wa godoro. Kwenye mabweni mengi ya vyuo vya Marekani ni inchi 80, shuka ya kitanda cha kawaida cha inchi 75 inachomoka usiku kucha.

Mama Kifungua Mimba

Wapendwa, narudisha mrejesho. Amelala kwa mama yake mdogo siku tatu. Usiku wa pili alikojoa, akaamka, akabadilisha mwenyewe, shuka akaikuta mama mdogo imeshaanikwa. Hakunipigia.

Ile ahadi nimeifuta. Nilimwambia nilikosea, nikamweleza yale mambo mawili yalivyotofautiana. Alikaa kimya, kisha akauliza kama mlezi naye huwa anakumbuka kwao. Nesi wa kambi nimeshaongea naye kwa ruhusa ya mwanangu, na neno la siri amelichagua mwenyewe, silisemi hapa.

Ufunguo wa stoo unaning'inia shingoni mwake siku ya nne leo. Begi amepanga. Taulo amelisahau, nimeliona pale kitandani. Nimenyamaza, maana kesho tunasoma orodha tena na nataka aligundue mwenyewe.