Viazi vitamu vya huku vinakuwa rojorojo: mnavipikaje?

Kutoka: Minneapolis

Habari zenu kaka na dada zangu,

Tumefika huku mwezi wa tisa, mimi, mume wangu na watoto wawili. Kwetu Morogoro Jumamosi asubuhi ilikuwa ni viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya rangi, na watoto wameshaniuliza mara ngapi sijui. Nimenunua supamaketi mara tatu. Ndani vina rangi ya chungwa, nikichemsha vinanyonya maji, nikimenya vinabaki mkononi kama boga. Mara ya tatu nikachukua vilivyoandikwa "yam" nikidhani ni aina nyingine, kumbe ni vilevile. Mdogo kanisukumia sahani: "Mama, hiki siyo kiazi." Nimemwaga sufuria mbili, na kutupa chakula kunaniuma sana. Nakosea wapi?

Kutoka: Raleigh, North Carolina

Karibu sana mdogo wangu, na pole kwa baridi inayokuja.

Upishi wako hauna kosa. Kiazi chenyewe ndicho tofauti. Kile cha nyumbani, cheupe au cha njano iliyopauka, kina wanga mwingi na maji kidogo, ndiyo maana ukikipasua kinamung'unyika na unatafuta chai ya kuteremshia. Hiki cha supamaketi ni kinyume chake. Nakaa kwenye jimbo linaloongoza Marekani kwa kulima viazi vitamu, na karibu kila ninachokiona sokoni ni aina moja, Covington, iliyotolewa na chuo kikuu cha jimbo hili mwaka 2005. Kwingine utakuta Beauregard, ya Louisiana, ya mwaka 1987. Vyote viwili ni vya kuoka, vilainike na kutoa utomvu wa sukari. Neno "yam" wamelizoea tu. Kiazi kikuu halisi ni mmea mwingine kabisa.

Kwa hiyo acha supamaketi. Nenda duka la Wajapani, Wakorea au Waasia wengine utafute chenye ganda la zambarau na nyama ya njano mpauko. Au ingia duka la watu wa Karibiani au Amerika ya Kusini uulize boniato. Hiyo ndani ni nyeupe kabisa, na ndiyo iliyonirudisha Murang'a siku ya kwanza niliyoionja. Ukiimenya iweke kwenye maji papo hapo, inageuka nyeusi haraka.

Kupika: osha, usimenye, vikubwa kata mara mbili. Panga kwenye sufuria, tia maji yafike robo tu ya kimo cha viazi. Nyanya yangu alifunika kwa majani ya mgomba kabla ya mfuniko. Mimi naweka karatasi ya kuokea, nakunja kingo ziingie ndani, halafu mfuniko mzito. Moto mkali mpaka yachemke, kisha mdogo, kama dakika 35. Ukichoma kisu kikapita, mwaga maji yaliyobaki, rudisha sufuria jikoni dakika tano vikauke. Hiyo hatua ya kukausha usiiruke, dada. Wengi wanaosema viazi vya huku havina ladha wameviacha vikae ndani ya maji.

Na usiweke viazi vibichi kwenye friji. Baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi inavidhuru, kiini kinakuwa kigumu na hakiivi hata ukichemsha saa nzima. Weka kabatini, penye giza na hewa.

Kutoka: Leicester

Assalamu alaikum wanangu,

Dada wa Raleigh kasema kweli tupu, naongeza futari, maana Ramadhani huku kila mwaka vijana wananipigia simu kwa jambo hili hili.

Kilo moja ya viazi vyeupe, menya, kata vipande virefu, vilaze kwenye sufuria. Kopo moja la tui, la mililita 400: nusu lichanganye na kikombe cha maji, hilo ndilo tui jepesi lako. Mimina, tia chumvi, iliki punje nne ulizozitwanga, sukari kijiko kimoja ukipenda. Funika viive. Vikishaiva tia ile nusu iliyobaki, punguza moto, funua, na usiondoke hapo, kwani likichemka kwa nguvu tui hukatika. Usitie mwiko. Shika sufuria masikio uitikise taratibu, tui lipande juu ya viazi lenyewe. Epua likiwa zito, kwa sababu likipoa linazidi kushika.

Vya rangi ya chungwa kwenye futari mimi sivitaki. Vinavurugika, na utamu unazidi tui.

Kutoka: Toronto

Shikamoo mama, na habari zenu nyote.

Naomba nivitetee vya rangi ya chungwa, maana nyumbani ndivyo viazi lishe vinavyohimizwa kwa ajili ya vitamini A ya watoto. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne waliovishughulikia viazi hivi na mazao mengine yenye lishe, mmoja wao Robert Mwanga wa Uganda. Dada wa Minneapolis, watoto wako watafaidika navyo. Usivichemshe tu.

Vioshe, vitoboe kwa uma, viweke vizima kwenye oveni ambayo bado ni ya baridi, ndipo uwashe nyuzi 200 (400 kwa oveni za Marekani). Saa moja, kikubwa zaidi kidogo. Kiazi kikipata joto polepole wanga wake unapata muda wa kugeuka sukari. Maikrowevu inapita hapo mbio, ndiyo maana cha maikrowevu hakina ladha. Pasua, paka siagi au samli kidogo, kwa sababu vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uichukue.

Sisi wa Shinyanga tunakausha pia. Vyeupe vikishachemshwa navikata vipande vyembamba, navikausha kwenye oveni kwa moto wa chini kabisa, mlango wazi kidogo, mpaka viwe vigumu. Siyo matobolwa ya jua la kwetu, lakini mwezi wa pili theluji ikiwa dirishani, na kikombe cha chai, vinanitosha.

Kutoka: Minneapolis

Asanteni sana, na shikamoo mama wa Leicester. Nimepata boniato jana kwenye duka la Wamexico, dakika kumi tu kwa basi. Nimefunika kwa karatasi, nimekausha dakika tano kama dada alivyosema. Mdogo amekula viwili, akaomba cha kupeleka shuleni. Futari ni Ijumaa.