Nimebuni pikapu ya adungu: niwafikieje watengenezaji wakubwa wa ng'ambo?

Fundi wa Besi, Arua

Ndugu zangu, salamu kutoka Arua. Mimi ni fundi wa redio na amplifaya, na kila Jumapili hupiga adungu ya besi, kile kinubi chetu cha upinde chenye tumbo lililofunikwa ngozi, katika kwaya ya kanisa letu. Wanaokijua chombo hiki wanajua shida yake. Sauti hutoka kwenye ngozi, na ngozi haibagui: inatetemeshwa na nyuzi, na vilevile inatetemeshwa na sauti ya spika inayoirudia. Ukibandika kisahani cha piezo, kile kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, juu ya ngozi kwa utepe, kama wengi wetu tunavyofanya, ukipandisha sauti kidogo tu kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) spika zinaanza kupiga mluzi, na kiongozi wa kwaya anakugeukia kwa macho ambayo sitayaeleza hapa.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikitengeneza pikapu, yaani kifaa cha kunasa mtetemo wa chombo na kuupeleka kwenye amplifaya, isiyokaa kwenye ngozi kabisa. Inabana ule ubavu wa mti unaopita chini ya ngozi, ambao nyuzi zote zimefungwa kwake, na haihitaji kutoboa chombo. Nimeshatengeneza sita. Tatu ninazo mwenyewe, na tatu nimewapa wapigaji wenzangu wa hapa na wa Nebbi.

Sasa ningependa mtengenezaji mkubwa, mmoja wa wale waliokwisha kujijengea jina katika pikapu za magitaa, aichukue na kunilipa mrabaha, yaani sehemu ya bei ya kila moja atakayouza. Niliwaandikia wawili. Mmoja hakujibu. Wa pili alinitumia fomu inayosema kwamba chochote nitakachompelekea hakitahesabiwa kuwa siri, akanitaka nitie sahihi kabla hajasoma lolote. Je, huo ni mtego, au ndivyo biashara hii inavyoendeshwa? Nimeambatisha picha mbili, moja ya nje na moja ya ndani, ili muelewe ninachokisema.

Msimamizi

Picha ya ndani nimeiondoa baada ya kuombwa na mwanachama anayefuata hapa chini. Ilikuwa imekaa kwa dakika arobaini hivi.

Karani wa Hataza, Kampala

Ndugu Fundi, nisamehe kwa kuanza na lawama, lakini picha ile ya pili ingeweza kukugharimu kuliko fomu unayoiogopa. Sharti la kwanza la hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi asiigwe, ni kwamba uvumbuzi uwe mpya, yaani usiwe umewekwa wazi kwa umma kabla ya siku ya kuwasilisha maombi. Marekani humvumilia mvumbuzi kwa mwaka mmoja tangu alipouweka wazi mwenyewe. Ulaya hawana uvumilivu huo, ila katika hali chache sana, na kwao hata kumuuzia mtu mmoja tu asiyefungwa na ahadi ya siri kunatosha kuuondolea uvumbuzi upya wake, maana mnunuzi ana uhuru wa kuufungua na kuuchungulia. Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: wale watatu uliowapa, uliwapa kwa masharti gani? Kupiga kanisani hakunitishi, kwa sababu waumini walisikia sauti, hawakuona kilichomo. Kumpa mtu akae nacho nyumbani ni jambo jingine.

Kuhusu fomu, huo si mtego, ingawa ni kweli kwamba haikulindi hata kidogo. Kampuni kubwa hupokea mapendekezo mengi kutoka kwa wageni, na mara nyingi wahandisi wake wenyewe wanalifanyia kazi jambo linalofanana na lako. Wakikubali kutunza siri yako, kisha bidhaa yao ikatoka mwaka unaofuata, utawashtaki. Ndiyo maana wanakataa siri tangu mlangoni. Jibu lake ni kufika kwao ukiwa umeshawasilisha maombi ya hataza. Hapo unaweza kutia sahihi fomu yao bila kukosa usingizi, maana kinachokulinda ni tarehe yako.

Maombi huwasilishwa katika Ofisi ya Huduma za Usajili, URSB, hapa Kampala, chini ya Sheria ya Mali za Viwandani ya mwaka 2014. Tangu siku hiyo unapata miezi 12 ya kuwasilisha kwingineko huku ukihesabiwa kwa tarehe yako ya Uganda. Ukipitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, PCT, muda wa kuamua ni nchi zipi utakazoingia unafika miezi 30. Mtu binafsi wa nchi kama yetu hupunguziwa asilimia 90 ya ada ya kimataifa ya PCT, jambo ambalo wavumbuzi wengi hawalijui. Gharama kubwa huja baadaye, unapoingia nchi mojamoja na kuhitaji wakala na tafsiri.

Kuna pia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali za ubunifu, lenye makao yake Harare, ambako ombi moja linaweza kuzifikia nchi nyingi wanachama, Uganda, Kenya na Tanzania zikiwemo. Lakini hataza hulinda pale tu ilipotolewa. Hao unaotaka kuzungumza nao wanatengeneza na kuuza Marekani, Ulaya na Asia. Hataza ya Harare pekee haitawashughulisha.

Muuza Vyombo

Nina duka la vyombo vya muziki Kampala, nami nitalitazama jambo hili kutoka upande wa kaunta. Karani amesema kweli yote ya sheria, lakini mtengenezaji hafungui barua yako akijiuliza kama una hataza. Anajiuliza ataviuza vingapi.

Tufanye hesabu. Tuseme pikapu yako inatoka kiwandani kwa bei ya jumla ya dola 40, na mmekubaliana mrabaha wa asilimia 5. Unapata dola 2 kwa kila moja. Wakiuza elfu moja, umepata dola 2,000, na sijui kama zitatosha kumlipa wakala wa hataza wa nchi moja ya ng'ambo. Sasa adungu ngapi duniani zinachomekwa kwenye mikisa? Mimi nauza nyaya na maikrofoni kwa makwaya, nawajua wateja hao mmoja mmoja, na nakuambia kwa mapenzi kwamba hawajazi kontena.

Isipokuwa uniambie kwamba pikapu hii inafaa vyombo vingine vya ngozi. Kora ya Afrika Magharibi ina nyuzi 21 na ina wapigaji Ulaya. Kuna nyatiti ya Wajaluo. Na kuna banjo, ambayo ndiyo soko lenyewe. Je, inaingia?

Fundi wa Besi, Arua

Nawashukuru. Kwa Karani: wale watatu ni watu wa kwaya mbili, niliwaambia kwa mdomo wasifungue kisanduku, na nimekiziba kwa gundi. Leo nitaziomba zirudi.

Kwa Muuza Vyombo: swali lako limenikamata koo. Hapana, haiingii. Kora na nyatiti zina daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi, linalosimama juu ya ngozi, na banjo vilevile. Pikapu yangu inabana ubavu ulio chini ya ngozi, na ubavu huo uko kwenye vinubi vya upinde tu: adungu, ennanga ya Buganda na jamaa zake, na kile kinubi cha Myanmar kiitwacho saung. Nilidhani nimebuni pikapu ya vyombo vya ngozi, kumbe nimebuni pikapu ya ubavu.

Mhandisi wa Nakawa

Usikate tamaa mapema, Fundi. Historia ya vifaa vya muziki imejaa watu waliokataliwa na kampuni isiyokuwa tayari. Mpiga gitaa Les Paul aliwapelekea watengenezaji wa magitaa Gibson gitaa lake la gogo katika miaka ya 1940, wakamwona mtu wa mzaha. Walimgeukia baada ya washindani wao Fender kuanza kuuza magitaa yasiyo na tumbo mwaka 1950, na gitaa lenye jina lake likatoka mwaka 1952. John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford alipogundua namna ya kuumba sauti kwa kubadilisha masafa, mwaka 1967, watengenezaji wa vinanda Hammond hawakuichukua. Mhandisi wa Yamaha ndiye aliyeielewa, kwa kuwa kampuni yake ilikuwa tayari inazichungulia njia za kidijitali. Hata hivyo kinanda cha DX7 hakikutoka mpaka mwaka 1983. Angalia miaka hiyo: tangu Yamaha walipochukua leseni hadi bidhaa iliyotajirisha pande zote ilipotoka, ilipita karibu miaka kumi, na aliyesimamia leseni ni chuo chenye wanasheria.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa karakana. Kilicho kipya katika kazi yako huenda si ubavu. Huenda ni namna kibano kinavyochukua mtetemo wa mti na kuuacha ule wa ngozi. Kama ni hivyo, tengeneza guu la pili linaloshika daraja badala ya ubavu, kisha lijaribu kwenye nyatiti, na maombi ya hataza yaandikwe yakijumuisha yote mawili. Ukiwasilisha yanayotaja adungu peke yake, hutaweza kuongeza banjo baadaye ndani ya maombi yaleyale.

La pili ni dogo lakini limewaaibisha wengi mbele ya wanunuzi. Kisahani cha piezo cha milimita 27 kina uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban nanofaradi 20. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye tundu la mikisa lenye ukinzani wa kiloomu 10, kila sauti iliyo chini ya hezi 800 hivi inaanza kufifia, nayo adungu yako ya besi karibu yote iko chini ya hapo. Ukikipa ingizo la megaomu 1, mpaka huo unashuka hadi kama hezi 8. Mhandisi wa ng'ambo ataichomeka popote palipo karibu naye, atasikia kitu kama kopo, naye hatakuandikia kukueleza sababu. Kwa hiyo usimpelekee pikapu tupu. Ipeleke pamoja na priampu yake, yaani amplifaya ndogo ya kuitangulia mikisa, ikiwa na betri mpya ndani.

Muuza Vyombo

Na usimpelekee maelezo marefu. Rekodi dakika moja: adungu ileile, chumba kilekile, spika mbele yake, kwanza kwa kisahani cha utepe mpaka kipige mluzi, kisha kwa yako, mikisa ikiwa pale pale ilipoachwa. Anayeuza pikapu ataelewa kabla dakika haijaisha. Wala usianze na majina makubwa. Zipo karakana za watu wachache, Ulaya na Marekani, zinazotengeneza pikapu za vinubi na banjo; kwao vipande mia tatu kwa mwaka ni biashara, na anayesoma barua pepe ndiye mwenye kuamua.

Ukishawasilisha maombi yako, niletee kumi dukani. Nitaziweka karibu na nyaya, na nitakuandikia kila anayerudisha na sababu yake. Daftari hilo litakusaidia zaidi ya barua ya sifa kutoka kwangu.

Karani wa Hataza, Kampala

Naunga mkono, kwa mpangilio huohuo: maombi kwanza, duka baadaye. Kabla ya yote, tumia jioni chache kutafuta katika hifadhi za hataza zilizo wazi mtandaoni, Espacenet na Patentscope, ambazo hazilipiwi. Tafuta pikapu za banjo na za vinubi, usitafute adungu. Ukikuta kibano kinachofanana na chako tangu miaka ya 1970, utakuwa umeokoa nauli ya Kampala.

Fundi wa Besi, Arua

Nimerudi baada ya siku tisa. Pikapu mbili zimerejea zikiwa zimezibwa kama nilivyoziacha. Ya tatu ilirejea gundi imekatwa. Mwenyewe anasema waya ulilegea, naye akaurudishia kwa nia njema kabisa. Ni yeye tu aliyeona ndani, tumeandikiana karatasi, na Karani nitamtumia ujumbe wa faragha kumuuliza kama karatasi iliyoandikwa baada ya tendo ina uzito wowote.

Katika Patentscope nimekuta pikapu nyingi za banjo. Zile nilizozielewa zinakaa juu ya ngozi au kwenye daraja, na mbili bado nazisoma. Guu la daraja nimelichonga kwa mti wa mvule, ila bado linateleza nyuzi zikikazwa. Kama kuna mpiga nyatiti aliye karibu na Tororo au Busia ambaye yuko tayari kunikopesha chombo chake kwa wiki moja, nitagharimia usafiri, na safari hii masharti tutayaandika kabla.