Mjadala: Je, Velázquez alimheshimu Juan de Pareja kwa kumchora?

Wapenzi wengi wa sanaa hushikilia kwamba Diego Velázquez, mchoraji wa Mfalme Felipe IV wa Hispania tangu mwaka 1623, alimpa mtumwa wake Juan de Pareja heshima ambayo sheria ilimnyima, kwa kuwa alimchora kama muungwana aliye huru. Naipinga hoja hiyo. Picha inathibitisha kipaji cha Velázquez. Wema wake kwa Pareja hauthibitishwi nayo hata kidogo.

Uzuri wa picha yenyewe sibishani nao. Pareja anaonekana kuanzia kiunoni, mkono mmoja umepita mbele ya tumbo, ukosi mpana mweupe wa lesi umetanda mabegani, na macho yake yanakukabili bila unyonge wowote. Ilichorwa Roma mwaka 1650, Velázquez alipokuwa huko kumtafutia mfalme kazi za sanaa, na ikaonyeshwa hadharani kwenye Pantheon, kanisa la kale la mji huo, mwezi Machi mwaka huohuo, ikasifiwa mno. Lakini Antonio Palomino, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Hispania mwaka 1724, anaeleza kwamba Velázquez aliichora ili kuuzoesha mkono wake kabla ya kumchora Papa Innocent X. Kama ndivyo, Pareja alikaa mbele ya turubai kwa sababu alikuwa karibu na hakuwa na uwezo wa kukataa.

Palomino huyohuyo ndiye aliyesimulia kwamba Pareja alijifunza kuchora kwa siri, na kwamba mfalme, alipoiona kazi yake, aliamuru aachwe huru. Ni kisa kitamu, na bado kinarudiwa, ingawa hati ya uhuru iliyochapishwa na watafiti mwaka 1983 inasema mengine. Hati hiyo ilitiwa saini Roma tarehe 23 Novemba 1650, miezi minane baada ya picha kushangiliwa, na aliyemwacha huru ni Velázquez mwenyewe, kwa sharti kwamba Pareja aendelee kumtumikia miaka minne zaidi, asitoroke wala asitende jinai. Kwa hiyo mtu ambaye uso wake ulikuwa umeistaajabisha Roma alirudi Madrid akiwa bado chini ya bwana wake, hadi mwaka 1654.

Nitaambiwa kwamba si haki kumpima mtu wa karne ya 17 kwa mizani ya leo. Nakubali, lakini Pareja naye alikuwa mtu wa karne hiyohiyo, na mizani yake hatuiulizi. Alituachia jibu: mwaka 1661, mwaka mmoja baada ya Velázquez kufariki, alichora tukio la kuitwa kwa Mtakatifu Mathayo, mchoro mkubwa ulioko katika makumbusho ya Prado, Madrid. Humo alijichora mwenyewe, amesimama pembeni kabisa upande wa kushoto, na karatasi aliyoishika mkononi ina jina lake. Hapo ndipo ninapoiona heshima, kwa kuwa safari hii yeye ndiye aliyeamua asimame wapi na aonekane vipi.

Picha ya Velázquez iliuzwa mnadani London mwaka 1970 kwa zaidi ya pauni milioni 2.3, bei ambayo hakuna mchoro uliokuwa umewahi kuifikia mnadani, na sasa ni mali ya makumbusho ya Metropolitan, New York. Mwaka 2023 makumbusho hayo yaliandaa maonyesho yaliyomweka Pareja mbele kama mchoraji, kazi zake zikiwa pamoja na picha hiyo. Walifanya vyema, na ninadai utaratibu huo uwe wa kudumu: kila inapotundikwa au kuchapishwa picha ile, maelezo yaseme waziwazi kwamba aliyechorwa alikuwa mtumwa wa mchoraji, kisha yaseme kwamba yeye pia alikuwa mchoraji, na kazi zake zitajwe kwa majina.

Anayeshikilia kwamba picha ile ilikuwa tendo la heshima namwomba anijibu jambo moja: ikiwa Velázquez alikwisha kumwona Pareja kuwa mtu kamili mwezi Machi, ile miaka minne aliyomwongezea mwezi Novemba ilikuwa ya nini?