Mtumwa wa Roma alipoachwa huru alikuwa raia: je, huo ulikuwa utumwa mwepesi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna kauli nimeisikia tena juzi kijiweni, safari hii kutoka kwa mtu ninayemheshimu: kwamba utumwa wa Warumi wa kale haukuwa utumwa wa kutisha kihivyo. Sababu zake tatu. Haukuangalia rangi ya mtu. Mtumwa aliweza kuwa mwalimu, mganga au karani. Na akiachwa huru na bwana ambaye ni raia, naye aliingia kwenye uraia wa Roma.

Mbili za kwanza sina ugomvi nazo. Hiyo ya tatu ni kweli pia, ila naona inatumika kuthibitisha kinyume chake. Mlango ule wa uhuru haukuwekwa kwa huruma. Ndio uliokuwa komeo.

Tuanze na jinsi jamii yao ilivyopangwa. Juu kabisa maseneta, ambao tangu enzi za Augustus, kaizari wa kwanza, walitakiwa wawe na mali isiyopungua sestersi (sarafu ya Kirumi) 1,000,000. Chini yao tabaka la wapanda farasi, sestersi 400,000. Kisha raia wa kawaida, kisha walioachwa huru, na chini ya wote mtumwa, ambaye kisheria alihesabiwa kuwa kitu. Varro, mwandishi wa Kirumi, alipoandika juu ya kilimo, aligawa vyombo vya shamba mafungu matatu: visivyo na sauti kama mikokoteni, vyenye sauti isiyo maneno kama ng'ombe, na vinavyosema, yaani watumwa. Cato aliyemtangulia alimshauri mwenye shamba auze ng'ombe aliyezeeka, vyuma chakavu, na mtumwa mzee au mgonjwa. Vyote kwenye orodha moja.

Sasa mtumwa wa mjini aliruhusiwa kudunduliza vijisenti. Kisheria fedha hizo zilikuwa za bwana, lakini desturi ilimwachia azitunze. Baada ya miaka anajinunua. Bwana anapokea fedha ambazo kwa sheria zilikuwa zake tangu mwanzo, anakwenda sokoni kununua kijana mwenye nguvu, na serikali inachukua kodi ya asilimia 5 ya thamani ya aliyeachwa huru, kodi iliyokuwapo tangu 357 KK. Yule "huru" naye hajaondoka: anadaiwa na bwana wake wa zamani heshima, mara nyingi na siku za kazi, na hawezi kumshtaki bila idhini ya hakimu. Mtu anayesubiri mlango ufunguliwe hatoroki wala hachomi ghala. Ndiyo maana nasema komeo.

Msomaji wa Matendo

Mkuu, umeandika vizuri lakini siafiki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nitajie dola gani nyingine ya kale ambayo mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru alifika kwenye kiti cha enzi. Pertinax, kaizari wa mwaka 193, baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Pallas alitoka utumwani akashika hazina ya kaizari Klaudio, na mwaka 52 Seneti ikampigia kura ya heshima pamoja na zawadi ya sestersi 15,000,000. Nduguye ni Feliki, liwali yule aliyemweka Paulo kizuizini miaka miwili akitumaini atapewa rushwa. Kila mwenye Biblia amemsoma Feliki, na wengi hatujui kwamba tunamsoma mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Alihukumu watu huru, tena wa taifa zima la Uyahudi! Hilo ni komeo?

Mleta mada

Feliki umenisaidia mwenyewe. Tacitus, seneta na mwanahistoria wa Kirumi, alipomwandika alisema alishika mamlaka ya kifalme kwa moyo wa kitumwa. Mtu ameshakuwa liwali, ameoa mabinti wa wafalme, bado kalamu ya seneta inamrudisha pale pale. Na Pallas kilichomfikisha pale ni kuwa mtu wa nyumba ya kaizari. Sasa nitajie aliyetoka kwenye machimbo ya fedha ya Hispania akawa liwali. Polybius, mwanahistoria Mgiriki, aliandika kwamba machimbo ya karibu na Cartagena ya leo yalikuwa na wafanyakazi 40,000. Watu wa namna hiyo hawana majina. Ngazi ilikuwepo, ila ilianzia sebuleni.

Mwanasheria

Nirekebishe jambo dogo, maana pande zote mbili mnasema "aliyeachwa huru akawa raia" kama vile ilikuwa moja kwa moja. Kulikuwa na njia rasmi: mbele ya hakimu kwa kugusishwa fimbo, kwa wosia, na zamani kwa kuandikishwa kwenye hesabu ya raia. Sheria ya Aelia Sentia ya mwaka 4 BK ilitaka mtumwa awe ametimiza miaka 30 na bwana awe na miaka 20, ukiacha sababu maalumu zilizothibitishwa mbele ya baraza. Miaka michache kabla, mwaka 2 KK, sheria nyingine iliweka ukomo wa watumwa ambao mtu angeweza kuwaacha huru kwa wosia: hata kama anao maelfu, si zaidi ya 100.

Aliyeachwa nje ya taratibu hizo, tuseme bwana ametamka tu mbele ya marafiki mezani, hakupata uraia. Aliingia daraja la kati lililoitwa Walatini wa Junia. Akiwa hai anaonekana huru, anafanya biashara, anaoa. Akifa hawezi kurithisha. Mali yake inarudi kwa bwana kana kwamba hakuwahi kuachwa. Hatujui walikuwa wangapi, ila nashuku ni wengi kuliko akina Pallas.

Mpita njia

Aisifuye mvua imemnyea. Hii ya Roma naona wanaisifu waliokuwa barazani.

Kabwela

Mnaongelea bwana na mtumwa tu, mmesahau makabwela waliokuwa katikati, na hapo ndipo kuna utamu.

Zamani Mrumi maskini akishindwa deni alifungwa kwa mkopeshaji wake, akamtumikia kwa mwili wake. Watu wa chini waligoma, wakaondoka mjini mwaka 494 KK kupinga mambo kama hayo, wakapata watetezi wao. Mwaka 326 KK utumwa huo wa madeni ukafutwa kwa raia. Ushindi mkubwa, nani anabisha. Lakini mashamba ya wakubwa bado yalitaka mikono. Ikatoka wapi? Vitani. Mwaka 167 KK jeshi la Aemilius Paullus lilizoa watu 150,000 kutoka Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, kwa idadi waliyoiandika Warumi wenyewe. Yaani uhuru wa kabwela wa Roma ulilipiwa na mgeni.

Halafu mgeni yule yule akamtoa kabwela shambani, kwa sababu mkulima anayeitwa jeshini kila mara hashindani na shamba linalolimwa na watu wasiolipwa. Tiberius Gracchus, mmoja wa watetezi hao wa watu wa chini, alipojaribu kugawa ardhi mwaka 133 KK alipigwa akafa. Wakati huo huo Sicily watumwa chini ya Eunus walikuwa wameshika mji wa Enna na vita vinaendelea. Maskini huru na watumwa, kila mmoja na vita vyake, mwaka mmoja. Hawakuungana. Mleta mada, komeo lako mimi nalitafuta hapa: raia mwenye njaa aliyelala akijua angalau yeye hauzwi.

Binti wa Pwani

Nimefuata kimya, sasa niseme. Sisi watu wa pwani tunayo maneno ya mambo haya ambayo hatupendi kuyatamka mbele ya wageni. Mtumwa aliyeletwa juzi kutoka bara aliitwa mjinga. Aliyezaliwa nyumbani kwa bwana aliitwa mzalia, na alijiona bora kuliko mjinga. Warumi nao walikuwa na neno lao la mzalia, *verna*, na wazalia wao nao walipendelewa. Hizo ngazi za chini kwa chini ziko kila mahali palipokuwa na utumwa, kwa hiyo kuwepo kwake Roma si sifa ya Roma.

Lakini kuna jambo moja ambalo Roma ilikuwa kali kuliko sheria ya Kiislamu iliyofuatwa huku kwetu. Suria akimzalia bwana wake, na bwana akamkubali mtoto, mtoto yule ni huru na mwana halali wa babaye. Mama hauzwi tena na bwana akifa anakuwa huru. Kwa Mrumi mtoto alifuata tumbo la mama. Bwana akizaa na mjakazi wake, mtoto ni mtumwa wa baba yake mzazi, labda baba aamue kumwacha. Virginia mwaka 1662 walitunga sheria ya kufuata tumbo vile vile, na mnajua ilivyokwenda huko.

Sisemi haya kuusifu utumwa wa Unguja na Mombasa. Kila mtu hapa ana lake alilosikia kwa bibi yake. Nasema tu, mkitaka kupima wepesi, msipime kwa Pallas. Pimeni kwa mtoto anayezaliwa.

Mwalimu wa Historia

Naomba nilete kesi inayowapa kazi nyote. Mwaka 61 BK Pedanius Secundus, mkuu wa mji wa Roma, aliuawa na mtumwa wake nyumbani kwake. Desturi ya zamani ilitaka watumwa wote waliokuwa chini ya dari ile wauawe. Walikuwa 400, wamo wanawake na watoto. Seneti ikajadili. Gaius Cassius, mwanasheria bingwa, akasimama akasema kwamba sasa nyumba zao zimejaa mataifa mageni, na umati wa namna hiyo hautawaliwi ila kwa hofu. Hoja ikapita.

Hapo ndipo wananchi wa kawaida walipoingia barabarani na mawe na mienge kuzuia watu wale wasiuawe. Kaizari Nero akapanga askari njia nzima, na watumwa wale wakauawa.

Mleta mada, kama uhuru ulikuwa komeo tu, umati ule ulitoka wapi? Mimi naona jibu: wengi wao walikuwa watu walioachwa huru na watoto wao. Ngazi ile ilileta mjini raia waliokuwa na ndugu utumwani. Na wewe Kabwela, siku hiyo raia hawakulala.

Mleta mada

Hilo limenikamata. Nakiri sikulifikiria kutoka upande huo: mlango ule ule uliowatuliza watumwa ulipeleka damu yao mpaka kwa wapiga kelele wa mjini. Ila simulia mpaka mwisho, mwalimu. Seneta mmoja alitaka hata walioachwa huru waliokuwa wakiishi nyumba ile wafukuzwe Italia. Nero ndiye aliyekataa. Kwa hiyo uhuru wao ulikuwa wa kusubiri kaizari aamkeje. Neno "komeo" nalipunguza makali, silifuti.

Msomaji wa Matendo

Mimi bado. Tumwache Pallas, tuchukue mtu mdogo. Baba yake Horatius mshairi alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, kazi yake kukusanya fedha za minadani, na shamba lake lilikuwa dogo. Shule ya mji wao ilikuwa ya watoto wa maakida wa jeshi, hakuitaka. Akamchukua mwanawe mpaka Roma asome wanakosoma watoto wa maseneta, na akamsindikiza mwenyewe kwa walimu, kazi ambayo kwa kawaida ilifanywa na mtumwa. Horatius anaandika kwamba hamwonei haya baba huyo. Mtu kama huyo ukimwambia uhuru wake ni komeo, atakuuliza karo ya mwezi huu umelipa wewe?

Binti wa Pwani

Na mama yake je? Horatius alizaliwa huru, na kwa kanuni ya tumbo hilo lilitegemea mama, siyo baba. Baba anamtaja na kumsifu. Mama hamtaji hata mara moja.