Dawa za sonona na jongoo kugoma kupanda mtungi: tupeane uzoefu

Mpiga Pasi: Wakuu, nimeona watu wanapeana siri za supu ya pweza nikakumbuka yangu. Niko kwenye fluoksetini miligramu 20, mwezi wa tatu huu. Usingizi umerudi, kulia kumekata. Ila chumbani hamu hakuna, na hata nikijitutumua sifiki. Mliopita huku mlifanyaje?

Dereva wa Usiku: Pole mkuu. Mimi setralini, dakika 50 na hola. Kuna watu wanalipia hiyo!

Mkwe Mkimya: Yangu ilifika kwenye kikao. Mke sikumwambia kama nameza dawa. Miezi minne nageukia ukutani. Kapekua simu, hakukuta kitu, ndiyo akazidi kuamini nina mchepuko mjanja. Nikaacha dawa kimyakimya, ghafla. Mwezi haukuisha, giza likarudi maradufu, nikawa nahesabu vitu nisivyopaswa kuvihesabu. Nikazirudia. Jumapili moja natoka kazini, nakuta wajomba zake wawili sebuleni. "Mkwe, binti yetu kakukosea nini?" Nikaingia ndani, nikatoka na pakiti, nikaiweka kando ya birika la chai. Mke akasoma lile jina, akaanza kulia: "Mi nilidhani hunitaki."

Kitunguu Swaumu: Sonona ugonjwa wa wazungu. Kunyweni alkasusu, kimbieni asubuhi, tupeni hivyo vidonge.

Dereva wa Usiku: Watu kama nyie ndio mnaotuzika. Mwenzio kasema giza, wewe unaleta alkasusu?

Fundi Saa: Mi naruka vidonge Ijumaa na Jumamosi, mambo safi.

Nesi Mstaafu: Fundi, usimfundishe mwenye fluoksetini, inakaa mwilini wiki kadhaa, wikendi ataruka bure. Na sonona yenyewe huua hamu, kwa hiyo mwambie daktari ilianza kabla ya dawa au baada. Anaweza kupunguza dozi, kukuhamishia dawa nyingine ya sonona kama bupropioni au mirtazapini, au kukuongezea sildenafili, yaani Viagra. Hiyo inasimamisha tu, hamu hairudishi. Mwenye dawa za moyo za naitreti asiiguse kabisa, presha itaporomoka.

Mpiga Pasi: Asante dada. Nitamwambia, japo daktari wangu ni binti mdogo, aibu!

Kitunguu Swaumu: Mkwe malizia bwana, wajomba walisemaje?

Mkwe Mkimya: Nilihamishiwa mirtazapini. Kitambi kimekuja, na jongoo karudi. Wajomba? Yule mdogo alinivuta hadi kwenye pikipiki yake, akanong'ona: "Mkwe, hivi vya kwanza, vya kuchelewesha, vimebaki vingapi?"